Duru ya Pili ya Mzee Mwinjuma

Mzee Mwinjuma Kondo alikuwa na ubishi wa aina moja tu: hakukubali mtu ashike kazi kabla hajaulizwa hali mara mbili. Kwa mengine yote ungemshinda bila jasho. Angekubali kwamba kahawa yako ni nzuri kuliko yake, na kwamba embe za Mbagala zinazishinda za Temeke, ingawa haikuwa kweli. Lakini ukiingia asubuhi kwenye banda lake la magodoro na kwenda moja kwa moja kwenye kazi, alikushika mkono akakurudisha mkekani, kama mtoto aliyetaka kula bila kunawa.

Ubishi huo aliupata bandarini. Katika ujana wake, miaka ile ya ishirini, alibeba mizigo chini ya mnyapara aliyewaita makuli kwa namba za vipande vyao vya kazi. Siku moja mwenzake aliyekuwa mbele yake alianguka na robota la katani, akavunjika mgongo. Mnyapara akaja, akatazama, akauliza huyo ni namba ngapi, kisha akauliza nani atashika nafasi yake. Basi, hakuuliza lingine. Mwinjuma aliimaliza siku ile kwa kuwa hakuwa na pa kwenda, ila aliapa kwamba akijaliwa kuwa na watu chini yake, hata wawili, hakuna atakayeitwa namba.

Alijaliwa sita. Na magodoro nayo yalikuwa na kisa chake. Mkewe wa kwanza alijifungua sakafuni, juu ya mkeka mkuukuu, wakati wa masika, maji yakipenya chini ya mlango. Mama na mtoto hawakuimaliza wiki. Watu walisema ni kudra, naye hakubishana nao. Alikwenda Kimbiji, akarudi na magunia ya sufi, akashona godoro lake la kwanza kwa shazia, ile sindano nene ya magunia. Hakuliuza. Aliliazima kwa wanawake wa Temeke waliokaribia kujifungua, likitoka nyumba hii likiingia ile. Kazi yote ilianzia hapo, na kila aliyeajiriwa aliambiwa mapema kwamba magodoro haya yanashonwa ili mzazi asilale chini. Wengine wakinunua ni heri, maana ndio wanaotulisha.

Utaratibu wa asubuhi ulikuwa hivi. Wote saba walikaa mkekani, kahawa ya tangawizi ikazunguka, na Mzee Mwinjuma akamuuliza mmoja mmoja, "Umeamkaje?" Kila mmoja alijibu, "Salama." Angejibu nini kingine? Mtu wa Pwani hata nyumba yake ikiungua atakwambia salama kwanza, ndipo akuombe ndoo. Mzee aliwaacha waimalize adabu yao, wakatafuna muhogo wao wa kuchemsha, halafu akaanza tena kwa yule wa kwanza: "Haya, sasa niambie."

Hiyo ndiyo waliyoiita duru ya pili, na hapo ndipo mambo yalipomwagika. Mtoto ana homa. Mume alikwenda Bunju na hajarudi. Jino halijamwacha mtu alale. Mwenye mgonjwa alirudishwa nyumbani, na kazi ya waliobaki iligawanywa kwa kufuata yaliyosemwa. Kazi ya kupiga sufi ilihitaji hekima zaidi, kwa sababu sufi hupigwa kwa fimbo ndani ya chumba kilichozibwa, upepo usiipeperushe, na vumbi lake huingia kifuani hata ukijifunga kitambaa puani. Kwa hiyo ilikuwa zamu: leo ukipiga, kesho unashona. Mwenye kikohozi hakukanyaga chumba kile.

Apolinari, fundi cherehani aliyetoka Bukoba, mwanzoni aliyaona haya kuwa upuuzi mtupu. "Kwetu mtu akiumwa anasema anaumwa," aliwaambia. Baada ya mwaka mmoja yeye ndiye aliyekuwa na hadithi ndefu kuliko wote katika duru ya pili, mpaka muhogo ukapoa.

Lilikuwapo jambo moja ambalo hakuna aliyeling'amua, kwa kuwa lilijificha ndani ya wema wenyewe. Watu walizoea kungoja waulizwe. Shida ilikuwa na saa yake na mahali pake, na kumfuata mzee nayo katikati ya kazi kulionekana kukosa adabu, sawa na kunyoosha mkono kabla sinia halijawekwa chini.

Aliyezoea kuliko wote alikuwa Tunu. Alikuja pale akiwa na miaka ishirini, ametoka kuachwa na mume, akiishi kwa mama yake, Bi Mwamvita, aliyekuwa akiuza vitumbua karibu na msikiti. Mwezi wa kwanza hakusema neno katika duru ya pili. Mzee alimwuliza kila siku, akangoja, akamruka. Siku moja Tunu akasema, "Leo nimeota nacheka," akaangua kilio, na tangu siku hiyo Mzee Mwinjuma akampenda kama mwana wa kumzaa. Mkono wake ulikuwa mwepesi ajabu. Sufi aliyoipiga Tunu ilitoka bila mbegu hata moja.

Mwaka wa arobaini na nane, mwanzoni mwa vuli, alikuja mwuguzi wa zahanati mpya ya wazazi. Vitanda vimefika, alisema, lakini magodoro yamekwama ng'ambo na meli haijulikani. Wanafungua Ijumaa ya wiki ijayo. Yakipatikana thelathini, akina mama watalala vizuri. Yasipopatikana, watatandikiwa chini. Mzee Mwinjuma aliposikia neno chini, machozi yalimlengalenga. Hakuuliza hata watalipwa lini.

Asubuhi ya pili yake aliwakusanya watu wake. "Wanangu, tuna siku tisa," alisema. "Kazi hii ndiyo tuliyoiombea miaka yote. Duru ya pili tuiweke kando mpaka Ijumaa. Ijumaa tukishapeleka mzigo, tutakaa hapa mchana kutwa, na kila mtu ataniambia ya siku zake zote tisa. Apolinari tutampa siku yake peke yake."

Wakacheka. Kisha akamgeukia Tunu. "Mwanangu, zamu nazo tuziache. Mkono wako ndio mwepesi. Shika chumba cha sufi mpaka tumalize."

"Haya, baba," alisema Tunu.

Mzee hakuwa mchoyo, wala hakuwa mkatili, na hilo ndilo linalouma. Angekuwa mnyapara wa bandarini, watu wangemkimbia. Huyu walimpenda, na lile aliloliita kubwa wakaliona kubwa.

Siku zikaenda. "Umeamkaje, Tunu?" "Salama, baba." Mzee alikuwa akimwuliza huku jicho lake liko kwenye chungu ya sufi nyuma yake, akipima kama itatosha. Apolinari, aliyekaa na cherehani yake ukutani mwa chumba kile, alisikia kikohozi tangu siku ya nne. Alidhani mzee anajua. Zaidi ya hayo, pale mtu hakuzoea kumsemea mwenzake. Kila mtu alikuwa na kinywa chake na zamu yake.

Alhamisi, kabla ya adhuhuri, fimbo zilinyamaza. Magodoro ishirini na nane yalikuwa tayari. Mzee Mwinjuma alisikia kimya kile kikamuudhi. "Tunu! Mbona umelala, na yamebaki mawili tu?" aliita. Aliita tena kwa ukali, akaenda kusukuma mlango.

Tunu alikuwa amekaa chini, ameegemea chungu ya sufi, kitambaa kimemshuka shingoni. Nyuzi nyeupe zilimjaa kwenye kope. Alikuwa akivuta pumzi kwa mabega, na midomo yake imebadilika rangi. Walimbeba nje, wakamlaza juu ya godoro la ishirini na nane, na Apolinari akarukia baiskeli kwenda kutafuta gari.

Mzee Mwinjuma alipiga magoti. Hakujua la kufanya na mikono yake. "Tunu. Tunu, mwanangu. Haya, sasa niambie," alisema. "Niambie, mwanangu, nakusikiliza." Macho ya Tunu yalimtazama, na midomo ikacheza, lakini alikuwa amekwisha kata kauli. Gari lilipofika, hapakuwa na wa kupelekwa. Alizikwa jioni ile ile, baada ya alasiri.

Ijumaa Apolinari alipeleka magodoro ishirini na saba kwa mkokoteni. Wazazi hawakufika idadi hiyo, hivyo hakuna mama aliyelala chini. Mwuguzi alifurahi sana, akamtuma Apolinari ampe mzee mkono wa shukrani. Aliporudi na salamu hizo, alikuta mkeka umekunjwa na banda limefungwa. Akazibeba akaondoka nazo.

Siku ya kuanua tanga, wageni walipokwisha kutawanyika, Mzee Mwinjuma alikwenda mpaka mlangoni kwa Bi Mwamvita. Mama huyo alikuwa amekaa kizingitini, kanga imemfunika mpaka kwenye nyusi.

"Umeamkaje, Bi Mwamvita?"

"Salama, Mzee Mwinjuma."

Mzee alisimama pale, kofia mkononi. Angeweza kutoa pole yake akaenda zake, na hakuna ambaye angemlaumu. "Haya," alisema, "sasa niambie."

Bi Mwamvita aliisogeza kanga usoni, akamtazama.

"Alianza kukohoa Jumapili," alisema. "Nikamwambia, mwanangu, mwambie mzee wako akutoe mle ndani. Akasema, mama, bado. Ijumaa mzee atatuuliza sote. Jumatatu nikamwambia, Jumanne nikamwambia. Akanijibu hivyo hivyo, mama, mzee kasema Ijumaa. Jumatano ndiyo hakulala kabisa. Asubuhi nikataka kuja mie mwenyewe. Akanikatalia. Akasema nitamtia aibu, sie pale tuna utaratibu wetu. Na alifurahi, usifikiri alinung'unika. Akasema, Ijumaa mambo yangu yatakuwa marefu kumshinda Apolinari."

Mzee Mwinjuma alikuwa akilia waziwazi, machozi yakimshuka ndevuni, na hakuyafuta. Bi Mwamvita alimwacha alie. Hakumtukana na hakumfariji. Alipoona ametulia kidogo, aliivuta kanga yake vizuri, akamwuliza kwa adabu, kama mtu anavyomwuliza jirani:

"Na wewe, Mzee Mwinjuma, umeamkaje?"

"Salama," alijibu.

Akangoja duru ya pili. Bi Mwamvita aliinuka, akaingia ndani, akaurudisha mlango taratibu.