Stesheni ya Mzee Kemboi

Kama ulitaka kujua mzee Kemboi wa Lanet ameamkaje, hukuwa na haja ya kubisha mlango. Ungesimama tu penye ua saa saba kamili mchana, habari zikianza kwenye stesheni ya televisheni namba thelathini na mbili, ile ya Kikalenjin, na ungemsikia akimkaripia mtangazaji kana kwamba ndiye aliyeingiza ng'ombe kwenye mahindi yake. Majirani walishazoea. Siku kelele zikichelewa, walichungulia.

Mkewe, Namalwa, mpishi mstaafu wa shule, alizitegemea kelele hizo kuliko dawa. Miaka miwili nyuma mzee alipigwa na kiharusi. Mkono wa kulia ukalala, na ulimi nao ukalala. Ulimi ulipoamka, uliamka nusu. Kiswahili, ambacho ndicho alichomtongozea Namalwa kule Webuye enzi zake za kuendesha lori la unga, na ndicho walichogombania miaka thelathini na mmoja, kilikuwa kimefutika chote. Kilichobaki ni Kikalenjin cha utotoni, na Namalwa, Mbukusu wa watu, alikijua cha salamu na cha maziwa tu. Binti yao Chelimo, ambaye angalau angeokota neno hapa na pale, alikuwa kazini Qatar.

"Mama, mwache aongee," daktari alimwambia. "Chochote kinachomfanya aongee, usikiguse. Akizoea kunyamaza, huo ulimi haurudi tena."

Na kilichomfanya aongee kilikuwa kimoja tu, thelathini na mbili. Namalwa aliilinda hiyo stesheni kama yai. Hakuna mgeni aliyeruhusiwa kushika rimoti, hata pasta.

Sasa, mwezi ule mzee alichangamka si mchezo. Haikuwa saa saba pekee tena. Kila saa utamsikia akibwata, anaonyesha televisheni kwa mkono wa kushoto, halafu anaonyesha dirisha, halafu anaonyesha juu. Namalwa akaelewa kwamba anasikia baridi, akafunga dirisha. Mzee akabwata zaidi. Akamletea sweta. Mzee akapiga mkono wa kiti, akasema maneno marefu ambayo hata kwa asiyejua Kikalenjin hayakuwa ya kushukuru sweta.

"Ndiyo, Baba Chelimo," Namalwa alikuwa akimjibu, moyo mweupe. "Hata mimi naona hivyo hivyo."

Akatoka akawaambia majirani kwamba wanasiasa wamemkasirisha mzee wake mpaka anapona. Kanisani akatoa ushuhuda. Watu wakapiga makofi.

Jumanne asubuhi, thelathini na mbili ikatoweka.

Namalwa aliskani, yaani aliiamuru dikoda, kile kisanduku cha chini ya televisheni, itafute stesheni upya. Mita ikatambaa kwenye kioo, asilimia kumi, arobaini, mia, na dikoda ikajisifu kwamba imepata stesheni hamsini na nane. Akazipitia zote. Alipata tatu za kuuza sufuria, mbili za wahubiri wanaopiga kelele, na moja iliyoonyesha samaki wakiogelea bila maelezo yoyote. Thelathini na mbili haikuwepo. Saa saba ikafika. Mzee alitazama wale samaki, akafumba mdomo.

Jumatano hakusema neno hata moja. Uji ukapoa mbele yake. Namalwa alimwimbia, akamtania, akamwambia kwamba mahindi yameingiliwa na ng'ombe kweli kweli. Wapi! Ikamrudia ile hofu ya kufungua mlango wa wodi.

Akapiga namba ya huduma kwa wateja iliyoandikwa mgongoni mwa dikoda. Wimbo ukapigwa dakika ishirini, halafu sauti tamu ya kurekodiwa ikamwambia: "Kwa maelezo ya stesheni zilizohama, tafadhali tazama stesheni namba moja." Akaweka namba moja. Kioo cha bluu, maandishi meupe: hakuna mawimbi.

Alhamisi alimwomba jirani amwangalie mzee, akaenda mjini kwa Hitesh, aliyewauzia ile dikoda.

"Mama, mimi nauza tu, sihamishi," Hitesh alimwambia. "Hata yangu ya nyumbani imepotea, mke wangu hanisemeshi. Lakini soma hii." Mlangoni palikuwa na karatasi iliyobandikwa jana yake jioni: kongamano la kuwahamasisha watazamaji, leo, saa nne, hotelini Milimani. Wote mnakaribishwa.

Saa ilikuwa nne na robo. Namalwa akapanda boda boda.

Kumbe wote waliokaribishwa walikuwa watu arobaini waliovaa suti, na kila mmoja alijua jina la mwenzake. Namalwa alivishwa kadi shingoni iliyoandikwa MDAU, akapewa fulana yenye maneno SKANI SASA kifuani, akaonyeshwa sambusa zilipo. Mbele alisimama afisa wa mawasiliano wa kampuni inayorusha stesheni hizo, aliyeitwa Sue, mchangamfu, meno meupe, anabonyeza picha ukutani.

"Tumewafikia asilimia tisini na nne ya watazamaji," Sue akatangaza. "Wale waliopotelewa walipiga simu kulalamika. Hao ni asilimia sita. Wengine wote wamenyamaza, kwa hivyo tunajua wako sawa."

Makofi. Namalwa alimfikiria mtu mmoja aliyenyamaza, akairudisha sambusa kwenye sahani.

"Na hatujawaacha wale asilimia sita," Sue akaendelea. Picha ikabadilika. Ilikuwa tangazo jekundu: Mtazamaji mpendwa, ikiwa huoni stesheni hii, geuza antena kisha uskani upya. "Tangazo hili linaonyeshwa kwenye stesheni hiyo hiyo, mchana kutwa, kwa siku kumi na nne."

Makofi zaidi. Mwanamume mmoja mbele aliandika kwenye daftari lake jipya. Namalwa alisubiri mtu acheke. Hakuna aliyecheka, ndipo akasimama.

"Madam, thelathini na mbili iko wapi?"

"Swali zuri sana, mama! Maelezo yote yako kwenye tovuti yetu."

"Hiyo tovuti iko stesheni namba ngapi?"

Sasa wakacheka. Sue naye alicheka, kisha akamwonea huruma kama mtu anavyomwonea huruma mtoto aliyefeli. "Mama, thelathini na mbili ndiyo ilitangazwa vizuri kuliko zote. Tangazo lilisomwa kila saa, mwezi mzima, kwa Kikalenjin safi. Nani huangalia hiyo stesheni kwako nyumbani?"

"Mzee wangu. Kutwa nzima."

"Basi si umuulize mzee!" Sue akasema, na ukumbi ukaangua kicheko, na ukawa wakati wa chai.

Namalwa alitoka bila kuaga. Njiani alikuwa na hasira ya kuchoma nyumba. Kumuuliza mzee! Kwa lugha gani? Lakini alipokaribia Lanet, hasira ikaanza kupungua yenyewe, na mahali pake pakaingia kitu kibaya zaidi. Kila saa, alisema yule msichana. Mwezi mzima. Akaona ule mkono wa kushoto ukionyesha televisheni, dirisha, juu.

Nyumbani alimkuta wifi yake Cheptoo, dada yake Kemboi, ambaye jirani alimpigia simu akaja mbio kutoka Njoro. Alikuwa amepiga magoti mbele ya kiti, sikio karibu na mdomo wa kaka yake.

"Anasema nini?" Namalwa akauliza, mlangoni bado.

Cheptoo akamtazama, hajui acheke ama alie. "Mama Chelimo, anasema mlingoti wa kurusha mawimbi umehama. Anasema mgeuze antena, muitoe upande wa mjini, muielekeze mlima Menengai. Anasema amekuambia mwezi mzima. Kila saa. Na kila saa unamwambia ndiyo, halafu unafunga dirisha."

Namalwa alitoka nje mbio bila kujibu. Antena ilikuwa juu ya bomba la chuma nyuma ya jikoni. Akalikumbatia, akalisukuma kwa bega, kutu ikamwagika kwenye fulana mpya. Ndani mzee akaanza kupayuka. Cheptoo alikaa dirishani akitafsiri.

"Asema zaidi!"

Namalwa akasukuma.

"Asema umepita! Rudi!"

Akarudisha.

"Hiyo nyingine siitafsiri, ni matusi. Sukuma kidogo!"

Mwishowe Cheptoo akapiga ukelele kwamba mawimbi yameshika. Namalwa akaingia ndani akihema, akaskani, akasimama mlangoni mikono imejaa kutu. Stesheni hamsini na tisa. Saa saba na dakika tano. Mtangazaji yuleyule, miwani ileile, akiwa katikati ya habari za bei ya maziwa.

Kemboi hakumkaripia. Alimtazama kidogo tu, kisha akageuza shingo polepole mpaka macho yake yakamfikia mkewe. Mdomo ukahangaika, ukajaribu, ukakataa, ukajaribu tena.

"Ni... nilikuambia," akasema.

Cheptoo akafungua mdomo atafsiri, akakumbuka hakuna cha kutafsiri. Kilikuwa Kiswahili.

"Nilikuambia!" mzee akarudia, safari hii kwa hasira ya kweli, hasira ya mwenye nyumba. "Wewe... husikii!"

Namalwa akaketi sakafuni pale pale mlangoni, analia na kucheka, anajipangusa uso kwa mikono ya kutu.

"Nigombeze tena, Baba Chelimo," akasema. "Tafadhali. Nasikia."