Samaki wa Siku ya Mtakatifu Nikola

Mke wa mwanangu hudondosha tone la maji kwenye kikaango chake cha chuma cha pua, na mpaka liteleze kama shanga, haweki mafuta. Jana ilikuwa siku ya Mtakatifu Nikola, ambaye mumewe amepewa jina lake, na kwetu siku hiyo huliwa samaki. Mwaka jana samaki walimchanikia, na mawifi zake bado wanamcheka. Safari hii tena waliganda kikaangoni.

“Chukua kikaango changu cheusi, mwanangu,” nikamwambia. “Watachanika.”

“Wanaganda kwanza, mama, kisha wanaachia. Tuone nani atachoka, mimi au samaki.”

Akakunja kifuani mikono yake yenye makovu ya kuunguzwa na mafuta, mawifi wakichungulia mlangoni. Hakugusa kitu. Kipande cha kwanza kikaachia chenyewe, ngozi nzima. Akanipakulia mimi. Nilipokea sahani kwa mkono mmoja. Wa pili ulikuwa mgongoni, umeshika kikaango cheusi.