Kitambaa cha Mkono wa Kushoto

Kinyozi wetu ana mkono mwepesi kuliko vinyozi wote wa mtaa huu, na ulimi mzito kuliko wote. Kibanda chake kina kiti kimoja cha chuma, kioo chenye ufa na mkanda wa ngozi wa kunolea wembe. Kila Ijumaa rafiki yetu Kipara huketi pale anyolewe, ingawa kichwani hakuna cha kunyoa. Hufuata soga tu. Mimi ni fundi viatu, kibanda cha pili. Katika kikosi chetu cha vitani tumebaki sisi watatu.

Siku tuliyokwenda kukitazama kilima tulichopigania zamani, Kinyozi alinivuta kando kabla hatujapanda gari.

"Leo namwambia Kipara nani alimuua mdogo wangu."

"Baada ya miaka thelathini? Maji yakimwagika hayazoleki, bwana."

"Namwambia. Akinikataa, anikatae."

Nilipandwa na hasira. Siku ya mauaji yale nilikuwa hatua tatu nyuma yake, niliona kila kitu, na siri tuliibeba wawili. Sasa yeye anataka kutua mzigo wake, na mimi nimpoteze rafiki!

Kile kilima siku hizi kina nyasi zilizokatwa vizuri, na mahandaki yamejengewa kingo za saruji ili wageni wasichafue viatu. Mama mmoja mwenye kipaza sauti alikuwa akiwaambia watu kwamba mashujaa wamelala hapa kwa amani. Amani! Nusura nimpokonye kile kipaza sauti. Tulipigana hapa alfajiri, ndani ya ukungu, kwa singe na sepetu, maana risasi zingeua wenzetu. Nilimwona mtu akiyashika matumbo yake kwa mikono miwili, akijaribu kuyarudisha ndani. Mwingine nilimpiga sepetu la uso, nikaendelea kumpiga hata alipokwisha kufa. Kila mmoja wetu alifunga kitambaa cheupe mkono wa kushoto. Asiye nacho, unamchoma bila kuuliza.

Mbele ya ukuta wa majina ya waliokufa, Kipara aliweka kidole kwenye jina la mdogo wake Kinyozi.

"Huyu alifungua kitambaa chake akanifunga paja, damu inaruka. Akainuka, na hatua chache tu ndani ya ukungu wale mbwa wakamuua, hata sikumshukuru."

"Si wao," Kinyozi akasema. "Ni mimi. Niliona mkono hauna kitambaa, nikamchoma. Nilimjua alipoanguka."

Kipara aliondoa kidole ukutani. Kisha akamtandika. Ngumi ya kwanza ilivunja pua, ya pili ikamrusha ukutani, kisogo kikagonga jiwe na damu ikachuruzika juu ya majina. Kinyozi alipoanguka, Kipara alimkalia kifuani akamkaba koo. Kinyozi hakuinua hata kidole. Yule mama alipiga mayowe, wageni wakatawanyika. Nilimshindilia Kipara kiwiko cha mbavu, mara mbili, mara tatu, mpaka akaachia.

"Ijumaa zote hizo!" Kipara alilia. "Unanishika kichwa kwa mikono hiyohiyo!"

Kinyozi alitema jino na damu.

"Lakini kwa nini mdogo wako hakusema?" Kipara alikuwa akihema. "Bila shaka alikuona unakuja. Angekuita kaka, mara moja tu, ungeijua sauti yake!"

Kinyozi aliniangalia mimi. Kipara naye akageuka taratibu, akaniangalia, na nikaona anakumbuka.

Nilikuwa koplo wao. Kabla hatujapanda kilima, nilimshika kila mmoja kwenye ukosi nikamwambia kwamba atakayefungua mdomo kabla ya handaki la pili, nitamchinja kwa mkono wangu. Mdogo wake Kinyozi alimwona kaka yake akimjia na singe. Akaizuia kwa viganja, ikapita katikati, na bado hakutoa sauti. Mtoto wa watu alinitii mimi.