Kuku Hawakuja Tena

Katika mtaa wetu mjini Kasongo, mwanamke hamchinji kuku wake mwenyewe. Humbeba hai, miguu imefungwa, hadi kwa mwanamume anayeswali na anayeaminika. Kwetu alikuwa baba. Alipomfuata mama kaburini, kisu kilibaki juu ya kabati kikimngoja mdogo wangu wa kiume akue. Mimi, dada yake mkubwa, niliacha shule ili yeye apate kula.

Mdogo wangu alipokua alikwenda Salamabila kuchimba dhahabu. Alirudi na vidonge vya kuondoa uchovu. Bila vidonge hivyo hakulala wala hakuamka. Nilimuuguza miezi kadhaa, jasho na matapishi. Majirani niliwaambia ni homa ya machimboni. Alipopona, jirani mmoja alimletea jogoo. Mdogo wangu alimchinja, kisha akaingia jikoni akalia. Tangu hapo kuku wakaja kila Ijumaa.

Ndipo kampeni ilipofika. Mama mmoja mwenye fulana mpya na kinasa sauti alipita nyumba kwa nyumba akitufundisha kwamba anayetumia vidonge ni mgonjwa, si mhuni, tusimtenge. Nilimpenda. Alikula sombe yangu ya majani ya muhogo mara tatu. Siku moja nikamwambia ukweli, naye akaomba sauti ya mdogo wangu kwa ajili ya redio.

"Jina haitatoka, mama. Naapa."

Mdogo wangu alikataa. "Yaya, hii muji iko kidogo."

"Acha woga. Utaokoa watoto ya wengine."

Alikubali kwa sababu ni mimi niliyeomba.

Sauti yake ilitoka mchana, soko limejaa. Kweli jina halikutajwa. Lakini kwanza yule mama alitangaza: sikilizeni kijana wa mtaa wa msikiti mdogo, jana mtumwa wa vidonge, leo anawachinjia majirani kuku.

Muuza chumvi aliyekaa karibu nami akapiga makofi. "Ee! Kumbe tulikula nyamafu!"

Ijumaa hiyo hakuja kuku hata mmoja. Wala iliyofuata.

Nilimfuata yule mama. Alikuwa tayari juu ya pikipiki.

"Nilitaja jina?" akaniuliza. "Sikutaja. Na watu wengi walisikia. Ungepaswa kufurahi, mama."

Mdogo wangu hakunigombeza. Angenigombeza ningepumua. Alikisugua kisu, akakirudisha juu ya kabati, akauliza pikipiki za Salamabila zinaondoka saa ngapi.

Kesho yake nilinunua jogoo mwekundu, mwenye kelele. Nilipita naye katikati ya soko, polepole, mbele ya muuza chumvi, hadi nyumbani.

"Nichinjie."

"Yaya, hiyo si kuku ya jirani. Ni yetu."

"Najua. Chinja."

Alimshika jogoo miguu. Kisha akasema, "Ni weye ulinipeleka kwa ule mama."

"Ni mimi."

Akakishusha kisu, akachinja vizuri kama baba. Supu ile tuliinywa sisi wenyewe tu, yeye akitazama sahani, mimi nikitazama begi lake nyuma ya mlango.