Siku Mwalimu Gathogo Aliporudisha Ushindi Wetu

Mpaka leo, mwanangu, nikiikumbuka asubuhi ile katika hoteli ya Mama Njoki, nyuma ya soko la Nyeri, huweka chini kazi yoyote niliyoishika. Nimeona mengi tangu hapo. Nimezika wazazi, nimeoza mabinti, nimeona mji huu ukiota maghorofa pale tulipokuwa tukichunga mbuzi. Lakini hakuna kilichowahi kunipiga bumbuwazi kama kumwona mtu niliyempenda kama baba akiweka kikombe cha chai mezani na kusema kwamba mechi tuliyoshinda haikuwa yetu.

Nakueleza haya kwa sababu juzi, baada ya sala ya alasiri, nilikuwa nimekaa nje ya msikiti hapa Majengo nikawasikia vijana wawili wa timu yenu ya mtaani wakipanga mwenzao mmoja acheze mechi ya kombe kwa kitambulisho cha mtu mwingine. Walikuwa wakicheka. Mimi sikuweza kucheka.

Ninyi vijana mmezoea ligi. Ligi ina huruma. Ukifungwa leo utacheza tena wiki ijayo, na msimu ni mrefu, kila mtu hupata nafasi ya kujirekebisha. Kombe la taifa halina wiki ijayo. Ukifungwa, unavua jezi na kwenda nyumbani. Ni kombe la zamani, na jina lake limebadilika mara nyingi, kila mdhamini akija na lake. Waliotutangulia walituambia kwamba enzi zao mechi ikiisha sare timu zilirudiana siku nyingine. Kufikia wakati wetu, dakika tisini zikiisha mkiwa sawa mlikwenda moja kwa moja kwenye penalti. Ambacho hakijabadilika ni kwamba timu ndogo za mashinani huanza raundi za mwanzo, timu kubwa huingia baadaye, halafu majina yote hutiwa katika bakuli moja na kuchaguliwa bila kuangalia. Bakuli halijui nani ana basi lake na nani husafiri juu ya lori la ndizi. Na bingwa huenda kuiwakilisha nchi katika mashindano ya Afrika. Ndiyo maana hata sisi tulithubutu kuota.

Kuna sheria moja ndogo unayopaswa kuijua ili unielewe. Mchezaji akishaichezea timu moja katika kombe la mwaka huo, hata kwa dakika chache, haruhusiwi kuichezea nyingine mpaka mwaka unaofuata.

Timu yetu iliitwa Soko, maana wengi wetu tulikuwa na kazi sokoni au kandokando yake. Mimi nilikuwa golikipa, na mchana nilishona viatu. Nahodha wetu, Karanja, alikuwa fundi wa magari. Kocha alikuwa Mwalimu Gathogo, mzaliwa wa Mukurweini, aliyestaafu ualimu wa shule ya msingi akahamia pembeni mwa mji na kufuga ng'ombe wa maziwa. Kila asubuhi alisambaza maziwa kwa baiskeli, na jioni alikuja uwanjani na baiskeli hiyo hiyo kutufundisha. Hakuwa mtu wa kupiga kelele. Ukikosea alikuita kando akakuuliza ulikuwa unafikiria nini, na alisubiri jibu hadi ukaona aibu ya kubahatisha.

Mwaka ule tulianza na timu ya Kiganjo, vijana wenye mapafu ya kukimbia kutwa nzima, tukawafunga bao moja la kichwa. Raundi iliyofuata tulicheza Mukurweini kwenye matope, nyumbani kwa kocha wetu, na shangazi zake walituzomea bila huruma. Tukapita pia. Baada ya hapo ndipo alipokuja Muriithi. Alikuwa kijana mwembamba kutoka upande wa Kutus, amekuja Nyeri kutafuta kazi ya kushusha ndizi. Alipogusa mpira siku ya kwanza ya mazoezi, tuliacha kukimbia tukamtazama. Mwalimu alimuuliza kama alikuwa amechezea timu yoyote mwaka ule. Akasema la, alicheza shuleni tu. Sote tulimwamini, kwa sababu tulitaka kumwamini.

Muriithi alitupitisha raundi mbili. Kisha majina yakatolewa kwenye bakuli, na redio ikatangaza kwamba Soko ya Nyeri itaikaribisha nyumbani timu kubwa ya Nairobi, ile ambayo picha zake zilibandikwa ukutani kwa kila kinyozi mjini. Karanja alitoka chini ya gari alilokuwa akitengeneza, uso wote mafuta, akaja mbio mpaka kibandani kwangu.

Siku ya mechi ukungu ulishuka kutoka mlimani mpaka nguzo za goli la mbali zikawa hazionekani vizuri. Watu walijaa hadi juu ya kuta. Wageni walitufunga mapema, mpira ukanipita nikiwa bado najipanga, na nikafikiri sasa tutaaibishwa mbele ya mama zetu. Lakini dakika zilikwenda bila wao kuongeza, na kabla ya mapumziko Muriithi aliwapita mabeki wawili kana kwamba hawapo, akasawazisha. Kipindi cha pili sikumbuki vizuri. Nakumbuka baridi ya mpira uliolowa ukinichoma vidole. Nakumbuka filimbi, na refa akionyesha penalti.

Nilishika mbili, mwanangu. Mimi, mshona viatu wa Majengo, nilishika penalti mbili za watu walioichezea nchi. Ya mwisho ya upande wetu akapiga Muriithi. Mpira ulipoingia, mji mzima ulimwagika uwanjani. Nilibebwa na watu nisiowajua. Nilimwona imamu wetu akimkumbatia padri wa parokia, wote wawili wamelowa chepechepe kwa ule ukungu.

Kesho yake, Jumapili, tulikutana kwa Mama Njoki kunywa chai. Mji ulikuwa bado unaimba. Mwalimu alikaa kwenye kona, na kwa mara ya kwanza nilimwona akicheka hadi akafuta macho. Ndipo alipoingia mama mmoja aliyeitwa Mama Wawira, aliyekuwa akileta mchele kutoka Kutus kuuza sokoni kwetu. Alikuja kununua chapati. Akamwona Muriithi, uso ukamng'aa.

"Muriithi, kumbe uko huku?" akasema. "Kakangu alikasirika sana ulipotoroka timu yake. Si ni wewe ulitufungia ile bao ya kombe mwaka huu, siku ile ya mvua?"

Alisema kwa furaha, mwanangu. Hakuwa na nia mbaya hata chembe. Aliongeza kwamba kwao bado wanalizungumzia bao lile, akachukua chapati zake, akatuaga vizuri, akatoka.

Mama Njoki mwenyewe alisimama na birika mkononi asijue aendelee kumimina au aache. Nilimtazama Muriithi nikamwona amekuwa rangi ya majivu, na hapo nikajua. Nilihisi kama mtu aliyekanyaga ngazi ambayo haipo.

Karanja ndiye aliyezungumza kwanza, kwa sauti ya chini. Alisema yule mama anarudi Kutus mchana, wala hajui alichosema. Wale wa Nairobi wameondoka kwa aibu bila kulalamika, na muda wa kulalamika unaisha kesho jioni. Tukinyamaza, imekwisha. Wengi walitikisa kichwa kukubali. Nami nilitikisa changu.

Mwalimu alimgeukia Muriithi akamuuliza kama alikuwa anaijua hiyo sheria.

"Niliijua, Mwalimu," Muriithi akasema. "Nilitaka tu kucheza."

Mwalimu akaweka kikombe chini. Akasema mechi ile haikuwa yetu, na kwamba kesho asubuhi atakwenda ofisi ya mashindano kuwaambia wenyewe.

Nilidhani nimesikia vibaya. Nilisubiri acheke. Tulianza kusema wote kwa pamoja, wengine wakimsihi, wengine wakimwuliza kama amelipwa na watu wa Nairobi. Mtu mmoja alipiga meza hadi vikombe vikaruka. Mimi nilisimama mbele yake.

"Mwalimu, mimi nimeshika penalti mbili. Na hizo pia si zangu?"

Hakukasirika.

"Hizo ni zako, Salim," akasema. "Hakuna mtu atakunyang'anya hizo. Lakini nataka ukizeeka, ukiwa unaambia watu hiyo stori, usiwe unaangalia mlango kila mtu wa Kutus akiingia."

Kisha akauliza nani atamsindikiza kesho. Tulitazama meza. Aliyesimama mwishowe alikuwa Muriithi, kijana aliyekuwa na mengi ya kupoteza kutushinda sote. Mwalimu akamshika bega, wakatoka pamoja, nasi tukabaki na chai yetu ikipoa.

Walikwenda. Ushindi wetu ulifutwa, timu ya Nairobi ikapewa nafasi yetu, na Muriithi akafungiwa mpaka mwisho wa msimu. Baadaye tulisikia kwamba Mwalimu aliwaomba wakubwa wale wampunguzie kijana adhabu, akasema kosa la kutouliza kwa bidii lilikuwa lake yeye kocha. Redio ilipotangaza, mji uliduwaa, kisha ukakasirika. Wateja walioagiza maziwa kwake miaka yote wakaanza kumfungia milango.

Asubuhi moja nilikuwa nikifungua kibanda changu nilipoona wanaume watatu wakimsimamisha barabarani. Niliwajua, walikuwa watu wazima wenye watoto. Walifungua mikebe ya maziwa kwenye baiskeli yake wakamwaga yote chini. Yalitiririka hadi kwenye mtaro, meupe juu ya lami nyeusi, na mvuke ukipanda kwa sababu ya baridi. Nilitaka kupiga kelele nikashindwa. Mwalimu alifunika mikebe mitupu, akaifunga vizuri kwa kamba ya mpira, akaiinua baiskeli. Alipofika kwangu alinisalimia kama kawaida, akanikumbusha kwamba mazoezi ni saa kumi.

Saa kumi nilikwenda. Uwanjani walikuwa watu wawili tu, yeye na Muriithi, kijana asiyeruhusiwa kucheza mechi hata moja, akipiga mashuti kwenye goli tupu. Niliingia golini bila kuulizwa. Kesho yake akaja Karanja. Kidogo kidogo tukarudi, na hakuna aliyeomba msamaha kwa maneno.

Usidhani mwisho wake ulikuwa wa hadithi za kupendeza. Ile timu kubwa iliyorudishwa ilitolewa raundi iliyofuata na timu isiyojulikana kutoka magharibi, tukashangaa upya, kwa hiyo nafasi tuliyoipoteza haikumfaa hata aliyepewa. Mwaka uliofuata tulifungwa mechi ya kwanza kabisa. Shuti la Muriithi liligonga mwamba, na kombe likawa limekwisha kwetu. Hatukufika tena pale tulipofika siku ile ya ukungu.

Mwalimu alipofariki tulimzika kwao Mukurweini, kati ya migomba na kahawa. Mama Wawira alikuja kutoka Kutus na gunia la mchele kwa ajili ya waombolezaji. Alinivuta kando akaniambia kwamba miaka yote hiyo alikikwepa kibanda changu kwa kuzunguka, akiamini tunamchukia kwa maneno yale aliyoyasema kwa Mama Njoki. Nilishtuka. Nilimwambia hakuna aliyemchukia, akalia sana, nami nikalia naye. Muriithi, ambaye siku hizi anaendesha lori, alibeba jeneza upande wa mbele. Baada ya mazishi aliniambia kitu kimoja tu: kwamba tangu alipojiunga nasi hakuwa amelala usingizi mzuri hadi usiku ule waliporudi kutoka ofisini.

Sasa sikiliza, mwanangu, maana nimekuweka muda mrefu. Kombe ni la siku moja, na ndiyo raha yake. Lakini wewe utaishi siku nyingi baada ya mechi, na utazungumza na watu wengi, na siku yoyote anaweza kuingia mtu mwenye furaha tu, asiye na ubaya, akakutaja kwa jina lako la kweli. Usijijengee ushindi utakaokufanya umwogope mtu huyo. Cheza kwa jina lako. Ukiona mwenzako anadanganya ili tu apate kucheza, mwambie mapema, kabla mji haujaanza kuimba. Na ikiwa umeshachelewa, usingoje kugunduliwa, na usimwache mwenzako aende peke yake kusema kweli. Mtafutie mtu wa kumshika bega, na ukiweza uwe wewe.

Sisi tulipoteza kombe, na iliuma, bado inauma. Lakini zile penalti mbili nakusimulia leo nikiwa nimekutazama machoni.

Mungu akupe miguu yenye nguvu na moyo uliotulia. Akujalie walimu watakaokuambia kweli hata ukiwachukia, na akuweke hai hadi nawe uketi na kusimulia ya kwako, mlango ukiwa wazi. Nenda salama, mwanangu. Amina.