Vikombe vya Tudorel

Ukitaka kuujua mji wa kale wa Bukaresti, mfuate Severina Dobrescu na mwavuli wake wa kijani. Huyo dada ana mdomo! Anazungumza lugha nne, na wageni humfuata kama vifaranga. Mimi nauza mikate ya pete kwenye kona ya kanisa, kwa hiyo maneno yake nimeyasikia mpaka yamenikinai. Akifika kwangu huwaambia: shikeni mikoba yenu, na mtu akiwapa kitu barabarani msipokee, atawadai pesa.

Lugha zote hizo alisomeshwa na baba yake, Tudorel, dereva wa tramu, aliyefariki majira ya baridi. Severina aliwaambia wenzake wa kazini kwamba baba alikuwa mhandisi. Sisi wa kona tulijua ukweli, tukanyamaza. Nilidhani ni maringo tu, yataisha.

Ikafika Jumamosi ya marehemu, ile ya kabla ya Pentekoste, ambapo kila aliyefiwa hugawa sadaka ya marehemu wake, vikombe vya matunda ya cheri pamoja na mshumaa. Mama yake Severina, Bi Aspazia, akaja kutoka mtaani kwao na kapu zito. Angeweza kugawia majirani, lakini alitaka watu wa mjini wampokelee mumewe, maana hapa ndipo alipofanyia kazi maisha yake yote.

"Pokea, Zamfira. Ni ya Tudorel."

"Mungu amsamehe," nikajibu, kwa kuwa sadaka hii haijibiwi asante.

Mara nikauona mwavuli wa kijani. "Wee Aspazia, yule si binti yako?"

"Ndiye! Alisema leo ana kazi, kanisani hawezi kuja. Kumbe Mungu kamleta mwenyewe."

Akawaendea Severina na wageni wake mbiombio, akamnyooshea kikombe mgeni mmoja mrefu. Mgeni akarudisha mkono nyuma, akamtazama Severina.

"Seva, mwanangu, waambie ni ya baba yako. Mimi lugha yao siijui."

Severina akawa mwekundu mpaka masikioni. Alichowaambia wageni nilikielewa, maana na mimi kuuza mikate kumenifundisha lugha za watu. Alisema: "Simjui huyu. Siku hizi watu kama hawa wamejaa. Twendeni."

Wageni wakakumbatia mikoba yao. Yule mrefu akaona huruma, akatumbukiza sarafu ndani ya kikombe, juu ya matunda.

Nilitamani ardhi inimeze, na wala si mimi niliyesema. Kisha nikawaka. "We Severina! Haya huna?"

"Muache, Zamfira," Aspazia akasema. "Yuko kazini."

Lugha hakuijua, lakini mikoba aliiona. Akaitoa ile sarafu, akaifuta kwa kitambaa chake cheusi, akamrudishia mgeni mkononi. Akawasha mshumaa na kuusimamisha pembeni ya kikombe. Halafu akaenda kusimama mbele ya binti yake.

Kwetu mtoto wa marehemu hapewi sadaka hii. Yeye husimama upande wa mama yake na kugawa. Wanaopokea ni watu baki. Hilo Severina analijua tangu utotoni, wala hakuhitaji kuambiwa.

"Pokea, bibie," Aspazia akamwambia, kwa upole ule ule wa kumwambia mpita njia. "Ni ya marehemu mume wangu. Anaitwa Tudorel. Alikuwa dereva wa tramu."

"Mama..."

"Pokea, bibie. Mshumaa unazimika."

Wageni walidhani ni sehemu ya matembezi, wakaanza kupiga picha. Mimi niliyekuwa na matusi tele mdomoni nilishindwa hata kumtazama Severina usoni. Severina akaachia mwavuli, akakipokea kikombe kwa mikono miwili, cheri chache zikamwagika kwenye viatu vyake.

"Mungu amsamehe," akasema.

"Asante, bibie," mama yake akajibu, akaokota kapu, akaenda kuwatafuta wengine.