Gazeti na Vikombe vya Wageni

Mdogo wangu aliingia kwenye foleni ya kumwona mshauri akiwa mfupi kuliko mimi. Alipofika mbele ya foleni alikuwa ananitazama kutoka juu. Ndivyo tunavyohesabu miaka huku ughaibuni, kwetu Kilburn.

Alikuwa ametuambia, mimi na Mama, kwamba hajui kama yeye ni msichana au mvulana, na huko kutojua kunamchosha mpaka hataki kuamka. Mama alilia, akaomba, halafu akavaa koti akampeleka kliniki. Huyo ni Mama.

Jumatano ya kwanza waliingia chumbani kwa mshauri pamoja. Mama alirudi akaniambia ni viti tu, chai, biskuti, na mama mmoja mpole anayeuliza, unalala vipi, shuleni nani anakusumbua. Dawa hakuna. Baada ya Jumatano chache mdogo wangu akaanza kula tena, na kucheka utani wangu, hata ule mbaya. Sauti hiyo tulikuwa tumeisahau.

Halafu siku moja Mama akatoka kazini, kwa wazee anaowatunza, na gazeti la bure la kwenye treni. Ukurasa mzima: picha ya mtoto amegeuza mgongo, jina la kliniki yetu, na maneno ati watoto pale wanapewa dawa za kubadilisha mwili siku ya kwanza. Kabla hajavua viatu, shangazi anayekaa Thornton Heath, ng'ambo ya jiji, alikuwa ameshatuma ukurasa huo kwenye grupu ya familia, na kule nyumbani Nakuru nzima inatuombea.

"Haendi tena," Mama akasema.

"Mama, si ulikuwa mle ndani? Uliona dawa?"

"Sikuona."

"Uliona nini?"

"Chai na biskuti."

"Kumbe gazeti lina macho kukushinda?"

Akaangalia kabati la vioo, pale vinapokaa vikombe vya maua ambavyo sisi wenye nyumba haturuhusiwi hata kuvipumulia.

"Hata sisi tuna vikombe vya wageni," akasema. "Labda na wao walinitolea vya wageni."

Nikageuka. Mdogo wangu alikuwa amesimama mlangoni. Kiswahili anakielewa chote, ni kujibu tu anajibu kwa Kiingereza.

"Okay, Mum," akasema, akaingia chumbani kwake.

Nafasi yake ikapewa mwingine.

Ilipita miezi ndipo gazeti likajisahihisha, kona ya chini kabisa. Tangazo la paka aliyepotea lilikuwa kubwa zaidi. Kliniki ile haiwapi watoto dawa, ni mazungumzo tu, tunasikitika. Nilimsomea Mama kwa Kiingereza changu cha darasa la nane. Nikaituma kona hiyo kwenye grupu. Shangazi akaweka kidole gumba. Hakuna aliyeisambaza.

Mama akapiga simu kliniki. Wakamwambia kwa upole aanze tena nyuma ya foleni, na foleni ilivyo, mtoto akifika mbele atakuwa ameshapita umri wa watoto wanaowapokea.

Alikaa na simu mapajani. Kisha akafungua kabati, akatoa kikombe cha maua, akakiosha, akamimina chai, akapanga biskuti kwenye sahani, akabisha mlango wa mdogo wangu.

"Mwanangu, nimekuja tuongee. Unalala vipi?"

"I'm fine, Mum."

Mlango haukufunguka. Mama akaweka kikombe sakafuni, akakaa hapo hapo nje. Nilipopita kwenda kazini, chai ilikuwa imeshika utando, na yeye bado yuko pale, anausemesha mlango polepole.